Dodoma: Zizi Hukua kwa Kadiri ya Ghala

Ukifika kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Dodoma mwezi wa sita, usianze kuhesabu mifugo. Zunguka nyuma ya banda uangalie marobota ya majani, saileji (majani mabichi yaliyokatwakatwa na kushindiliwa bila hewa) na matanki ya maji. Hapo ndipo utajua ana ng'ombe wangapi kweli. Mwenye ng'ombe sita na chakula cha wawili ana ng'ombe wawili. Wanne waliobaki wataanza kuonyesha mbavu mwezi wa tisa, na Novemba watapelekwa mnadani kwa bei ya kutupa, wengine wakiwa na mimba.

Soko lipo, hilo halina ubishi. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, wanywaji wa maziwa wameongezeka Mtumba, Ihumwa, Nzuguni, vyuoni na kwenye migahawa ya kila kona. Maziwa ya pakiti yanasafirishwa kutoka Tanga na Iringa na yanaisha dukani. Kwa hiyo mtu anapiga hesabu ya haraka: lita kumi kwa siku, mara bei ya lita, mara siku thelathini, halafu anakwenda kununua mitamba minne kwa mpigo. Hesabu hiyo imekosa kitu kimoja tu, kalenda ya mvua.

Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 550 hadi 600. Katikati ya msimu, mara nyingi Februari, huwa inakata wiki mbili au tatu. Majani mabichi ya kukata unayapata kuanzia katikati ya Januari mpaka katikati ya Mei. Siku nyingine zote, kama 240 hivi, ng'ombe anakula kilichowekwa. Ufugaji wa Rungwe au Hai, ambako mtu anakata mabingobingo pembeni ya nyumba mwaka mzima, hauhamishiki hapa. Mabingobingo yenyewe hayahamishiki: bila umwagiliaji yanasinyaa kabla ya Juni, na kumwagilia majani kwa maji ya kisima kirefu ni anasa ambayo maziwa hayawezi kuilipia.

Kwa hiyo utaratibu wa kukua mkoani humu ni chakula kwanza, maji pili, mbegu ya ng'ombe tatu, idadi ya ng'ombe mwisho. Wengi wanauanzia mwisho.

Hesabu ya ng'ombe mmoja

Chukua chotara wa kilo 400 anayetoa lita kumi. Anakula chakula kikavu takribani asilimia tatu ya uzito wake, yaani kilo 12 ukiondoa maji yote. Kilo mbili na nusu hivi zitatoka kwenye chakula cha nyongeza, yaani pumba na mashudu. Zilizobaki, kilo tisa na nusu, ni majani. Mpangilio unaofanya kazi vizuri ukanda huu ni nusu saileji na nusu majani makavu: saileji kilo 15 kwa siku (asilimia 70 hivi yake ni maji, kwa hiyo inabaki kama kilo nne na nusu), na majani makavu kilo tano.

Zidisha kwa siku 240. Saileji inakuja tani 3.6, na ukiweka asilimia 15 ya kuharibika ni kama tani 4.2. Majani makavu ni kilo 1,200, sawa na marobota 60 ya kilo 20. Ongeza sita ya panya, upepo na mchwa. Mtamba anayekua mpe nusu ya hapo. Ndama hesabu robo.

Kwa upande wa shamba, mtama wa saileji ukiupangia tani tano kwa ekari hutajidanganya. Mwaka wa neema utavuna zaidi, mwaka wa ukame utavuna nusu, na ndiyo sababu wafugaji makini hulima kwa hesabu ya mwaka mbaya kidogo. Ekari moja ya mtama kwa kila ng'ombe anayekamuliwa: hiyo ndiyo kanuni fupi. Kabla ya kununua mtamba wa tano, ekari ya tano iwe imeshavunwa na kushindiliwa.

Kwa nini mtama, na namna ya kuushindilia

Mahindi yanatoa saileji tamu zaidi, lakini mahindi ya Dodoma ni bahati nasibu. Mvua ikikata wakati yanachanua, umekosa. Mtama unasubiri, unajikunja, mvua ikirudi unaendelea. Chagua mtama mrefu wenye majani mengi na shina lenye sukari. Mbegu ya Macia, inayopendwa kwa nafaka nyeupe, ni fupi, kwa hiyo utapata punje nzuri na mabua kiduchu. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: mtama wa saileji unakatwa punje zikiwa bado laini, na ndege aina ya kweleakwelea wakitua kijijini unaweza kuukata siku chache kabla ya wakati wake ukaokoa karibu kila kitu. Mwenye mtama wa nafaka hana nafasi hiyo.

Wakati wa kukata unapimwa kwa kidole. Bonyeza punje kwa kucha: ikitoa maji meupe, bado, ikiwa kama uji mzito ulioanza kushika, ndiyo wenyewe, ikiwa imekauka na kuwa ngumu, umechelewa, punje zitapita tumboni na kutoka nzima kwenye kinyesi. Katakata vipande vya sentimita mbili hadi tatu. Kisha kamata konzi moja, minya kwa nguvu kama nusu dakika, fungua kiganja. Maji yakichuruzika kati ya vidole, acha majani yanyauke nusu siku kabla ya kushindilia, la sivyo saileji itanuka siagi iliyooza na ng'ombe ataikataa. Donge likibaki na kufunguka polepole bila kuchuruzika, endelea. Likisambaratika mara moja, ni kavu mno, hewa haitatoka na ukungu utaingia. Nyunyizia maji yenye molasesi kidogo huku ukikanyaga.

Kosa linalogharimu zaidi ni ukubwa wa shimo. Katika joto hili, saileji iliyofunguliwa huanza kupata moto na kuota ukungu ndani ya siku mbili tatu. Ili uwe mbele ya uharibifu, unatakiwa kuondoa angalau sentimita kumi za uso wote wa shimo kila siku. Shimo la upana wa mita moja na nusu na kina cha mita moja lina uso wa mita ya mraba moja na nusu. Sentimita kumi za uso huo, ikiwa imeshindiliwa kilo 500 kwa mita ya ujazo, ni kilo 75 kwa siku. Hao ni ng'ombe watano. Mwenye ng'ombe wawili akichimba shimo kama la jirani mwenye kumi, atatupa sehemu kubwa ya alichovuna, halafu atasema saileji haifai Dodoma. Mwenye ng'ombe mmoja hadi wanne atumie mifuko mizito ya nailoni ya kilo 50: mfuko unafunguliwa, unaisha kwa siku tatu hivi au chini ya hapo, mwingine unafunguliwa. Mifuko ina adui wake, panya, na ikitobolewa tundu dogo tu utakuta mpira wa ukungu ndani. Ipange juu ya sakafu iliyosafishwa, mbali na ukuta, na paka wawili watakulipa vizuri kuliko sumu.

Usifungue kabla ya mwezi mmoja kuisha. Subira hiyo si ya ladha tu. Mtama mchanga au uliodumazwa na ukame una sumu ya sianidi. Saileji iliyokaa inapunguza sumu hiyo kwa kiasi kikubwa. Hatari kubwa iko shambani baada ya kuvuna: mashina yaliyobaki yanachipua mvua za Aprili zikidondoka, majani laini ya kijani yanayovutia wakati kila kitu kingine kimeanza kukauka. Ng'ombe mwenye njaa akiingia humo anaweza kuanguka ndani ya dakika chache, anahema kwa shida, anayumba, utando wa mdomo ukiwa mwekundu wa kung'aa. Daktari wa mifugo ana dawa ya kuchoma kwenye mshipa, ila mara nyingi anakuta ameshakufa. Machipukizi yasilishwe mpaka yavuke magoti ya mtu mzima kwenda kiunoni, na hata hapo ng'ombe awe ameshiba majani mengine kwanza.

Majani makavu, mchwa na mabua

Nyasi ya kukausha kwa ukanda huu ni Cenchrus, ambayo kituo cha utafiti wa malisho Kongwa kimeishughulikia miaka mingi na mbegu yake inapatikana. Inavumilia ukame, inarudi yenyewe msimu ukifika. Mbegu yake ni nyepesi kama pamba na inapeperuka, kwa hiyo ichanganye na mchanga mkavu wakati wa kupanda na usiifukie zaidi ya sentimita moja. Ikifukiwa kama mahindi haioti.

Kata nyasi inapoanza kutoa masuke, Machi au mwanzoni mwa Aprili. Hapo kila mfugaji anakutana na mtihani uleule: mvua bado ipo. Ukisubiri ikatike kabisa ndipo ukate, unavuna fito. Afadhali robo ya majani ikanyeshewa kuliko yote yakazeeka. Yageuze mara mbili kwa siku, jua la hapa linakausha kwa siku mbili hadi tatu. Sokota kishungi: kikikatika kwa mlio, funga; kikipinda tu kama kamba, acha. Robota lililofungwa bichi linajipikia lenyewe, na rundo kubwa linaweza hata kuwaka moto.

Mashine ya kufunga si lazima. Fundi seremala anatengeneza boksi la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Unatandika kamba mbili za katani, unajaza majani, mtu mmoja anaingia na kukanyaga, unafunga, unanyanyua boksi. Robota linatoka na kilo 20 hivi. Vibarua wawili walioshika kazi wanatoa marobota mengi kwa siku, na kamba zinarudi kutumika mwaka unaofuata.

Halafu mchwa. Majani yaliyopangwa chini Mei, Julai utanyanyua robota la juu ukute chini ni udongo mtupu. Kichanja kiwe juu angalau nusu mita, nguzo zipakwe oili chafu mara mbili kwa kiangazi, na uchunguze njia za udongo kwenye nguzo kila wiki. Njia moja tu ikikamilika usiku, kesho wameshaingia.

Mabua ya mtama na mahindi yaliyobaki baada ya mavuno ya nafaka ni akiba ya dharura, yana nyuzi nyingi na protini kidogo sana. Yanaboreshwa kwa urea: kilo nne za urea zikayeyushwa kwenye lita 60 hadi 80 za maji, zikanyunyiziwa kwa usawa kwenye kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, yakafunikwa nailoni bila upenyo kwa wiki tatu. Siku ya kulisha, toa ya kesho leo jioni ili harufu kali itoke. Ndama chini ya miezi sita hapewi kabisa. Na yule anayenyunyiza urea kavu juu ya majani kwa kudhani ni chumvi anaua ng'ombe. Kipimo na maji havina mjadala.

Mashudu: hazina iliyo karibu, na sumukuvu iliyojificha

Dodoma na Singida zinakamua alizeti kwa wingi, kwa hiyo mashudu yapo mlangoni. Mikoa mingine inayasafirisha kutoka huku. Pumba za mahindi nazo zinapatikana kwa mashine za Kibaigwa na mjini. Mchanganyiko rahisi wa kilo 100: pumba za mahindi 60, mashudu ya alizeti 36, madini ya ng'ombe wa maziwa 3, chumvi 1. Mpe ng'ombe kilo moja kwa kila lita mbili hadi mbili na nusu anazotoa zaidi ya lita tano za kwanza, na uongeze polepole baada ya kuzaa. Kupandisha ghafla kunageuza tumbo kuwa chachu.

Mashudu hayafanani. Yaliyojaa maganda meusi yanayoonekana kwa macho yana protini ndogo, na mengine hayafiki asilimia 20. Yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo yana mafuta mengi, yakikaa miezi mitatu kwenye joto yanachacha na kunuka rangi ya zamani. Nunua Juni hadi Agosti wakati viwanda vinakamua kwa kasi na bei iko chini, lakini usinunue zaidi ya utakachomaliza kwa miezi mitatu minne, na gunia likae juu ya ubao.

Sumukuvu inahitaji aya yake. Mwaka 2016 watu walikufa katika maeneo ya Chemba, Kondoa na Kiteto baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo si habari ya vitabuni huku. Ng'ombe akila pumba za mahindi yaliyoota ukungu, sehemu ya sumu inabadilika umbo mwilini na kutoka kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Tabia ya kusema "haya yameharibika, wape ng'ombe" inarudisha sumu ileile mezani kwa mtoto. Mahindi, karanga na mashudu yenye ukungu yafukiwe au yachomwe.

Maji

Ng'ombe wa lita kumi kwenye joto la Oktoba anakunywa lita 60 hadi 80. Akipungukiwa maji leo, maziwa yanapungua kesho asubuhi, kabla ya dalili nyingine yoyote. Kwa lita 70 na siku 240 unahitaji lita 16,800 kwa ng'ombe mmoja.

Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 500 za mvua, baada ya kutoa zinazopotea, linakusanya kama lita 40,000. Kwa karatasi hao ni ng'ombe wawili na zaidi. Ila kinachokusaidia Septemba ni kile tu kilichobaki tankini mvua ilipokatika, si kilichopita kwenye mfereji wa paa Januari. Tanki la lita 10,000 lililojaa mwishoni mwa Aprili linamtosha ng'ombe mmoja siku 140 hivi. Kwa hiyo bajeti ya banda iandikwe pamoja na bajeti ya tanki, na anayetegemea mgao wa bomba awe na akiba ya siku kumi isiyoguswa. Visima vya baadhi ya vijiji vina chumvi nyingi. Ng'ombe huyazoea maji ya chumvi ya wastani, lakini hapo punguza chumvi kwenye chakula.

Kivuli ni ndugu wa maji. Banda lielekee mashariki na magharibi kwa urefu wake ili jua lisiingie pembeni, paa liwe mita tatu au zaidi, na usizibe kuta. Upepo wa Agosti na Septemba unaolalamikiwa na kila mtu mjini ni kiyoyozi cha bure kwa ng'ombe. Kama unataka kujua ameelemewa na joto, simama saa nane mchana uhesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Ikizidi 60, ameelemewa. Sehemu kubwa ya majani mpe jioni na alfajiri. Chakula kinapomeng'enywa kinazalisha joto, na mchana hana pa kulipeleka.

Mbegu ipi, na mwezi gani

Ng'ombe wa damu nzito ya Friesian aliyetoka nyanda za baridi, kwa mfano Kitulo, atakupa lita nyingi kwenye cheti na mawazo mengi bandani. Kwa Dodoma, nusu damu ya kigeni inatosha. Nikilazimishwa, robo tatu kwa mfugaji mwenye kivuli kizuri na saileji isiyokatika. Mtego uko kwenye kupandisha: chotara wa nusu anapewa mbegu ya Friesian, binti yake vilevile, mjukuu vilevile, na kizazi cha tatu unakuwa na ng'ombe asiyeweza kusimama juani. Ukifika nusu, geuza. Tumia dume chotara mzuri, au mbegu ya Ayrshire au Jersey kwa uangalifu, au urudi kwa Mpwapwa.

Mpwapwa ni ng'ombe aliyetengenezwa mkoani humuhumu, kwenye kituo cha utafiti cha Mpwapwa, kwa kuchanganya Red Sindhi na Sahiwal wa bara Hindi, Zebu wa Tanzania, Boran na damu kidogo ya Ayrshire. Lita zake si za kutangaza kwenye maonesho ya Nanenane Nzuguni, ila anazaa, anavumilia, na anakula majani makavu bila kinyongo. Ajabu ni kwamba watu wanaagiza mitamba kutoka kilomita mia tano huku huyu yuko jirani na idadi yake ni ndogo.

Mwezi wa kuhimilisha (kumpandikizia ng'ombe mbegu ya dume kwa mrija) una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni wa baridi, ng'ombe bado ana mwili wa masika, dalili za joto, yaani za kutaka dume, zinaonekana, na mimba inashika. Oktoba na Novemba joto ni kali, dalili zinakuwa hafifu na nyingi hutokea usiku, mbegu inaliwa bure. Ukihimilisha Julai, siku 280 na kidogo zinakuleta Aprili. Anazaa majani yakiwepo, anafikia kilele cha maziwa Mei na Juni, kisha anakamuliwa kiangazi chote wakati maziwa ya ng'ombe wa kienyeji yamekauka vijijini na bei imepanda. Unamkausha Februari, anapumzika miezi miwili kwenye majani mabichi. Mzunguko huu unadai saileji, nakubali. Asiye na saileji azalishe Desemba na akubali kuuza wakati kila mtu anauza.

Aliyeonekana kwenye joto asubuhi ahimilishwe jioni. Wa jioni, kesho yake asubuhi. Mpigie mhimilishaji palepale, usingoje. Na muulize kama mtungi wake una nitrojeni ya kutosha. Mrija uliowahi kuyeyuka na kugandishwa tena hauna uhai hata kama jina la dume ni kubwa.

Kukua kwa kasi inayowezekana

Ng'ombe wanne wakizaa kila baada ya miezi 14 wanatoa ndama watatu na nusu hivi kwa mwaka. Nusu ni majike. Toa wanaokufa, toa atakayeziba nafasi ya mzee anayeondolewa, unabaki na mtamba mmoja kwa mwaka, naye atazaa akiwa na miezi 30 au zaidi. Ndiyo kasi ya asili ya zizi dogo, na bahati nzuri inalingana na kasi ya kuongeza ekari moja na tanki moja kila mwaka. Kuivuruga kwa kununua kwa mkopo kunawezekana, mradi marejesho yaanze baada ya kuzaa. Mkopo unaodai rejesho mwezi wa kwanza kwa mtamba mwenye mimba ya miezi mitano unalipwa kwa kuuza majani, kisha kwa kuuza mtamba.

Kondoa wanaifahamu bei ya kwenda kinyume. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu mifugo ilikuwa imekula ardhi mpaka makorongo, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa eneo lililomomonyoka zaidi. Miti na nyasi vilirudi. Ufugaji uliporuhusiwa tena, ulikuwa wa ng'ombe wachache wa maziwa wanaolishwa bandani. Anayeanza leo Chamwino au Bahi kwa kutegemea kuchunga chotara kwenye nyika ya wote anarudi kule kule.

Ndama ndiye anayepotea kimyakimya. Apate dang'a ndani ya saa sita za kwanza, lita tatu hadi nne kwa siku ya kwanza, hata ikibidi kumnywesha kwa chupa. Mfugaji anayeuza hadi lita ya mwisho na kumwachia ndama povu anauza mtamba wake wa miaka mitatu ijayo. Chanjo ya ndigana kali hutolewa mara moja ikamkinga kwa maisha yake. Mnyama anayetoka au kwenda ukanda wenye kupe wengi asikose. Miaka ya mvua za kupita kiasi, kama ile ya 2006 kuamkia 2007 ambapo homa ya Bonde la Ufa ilipiga Dodoma vibaya, ulizia chanjo kwa afisa mifugo kabla mbu hawajajaa, na usimsaidie ng'ombe anayetupa mimba kwa mikono mitupu.

Maziwa yenyewe yanaharibikia njiani. Kwenye nyuzi joto 30, vijidudu vinaongezeka maradufu karibu kila nusu saa, na dumu la plastiki la mdomo mwembamba halisuguliki ndani. Tumia chombo cha alumini au chuma kisichoshika kutu chenye mdomo wa kuingia mkono. Kamua tone la kwanza la kila chuchu kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi. Ukiona chembechembe, huyo akamuliwe mwisho na maziwa yake yasichanganywe. Bodaboda aondoke ndani ya saa moja. Maziwa ya jioni bila jokofu ni vigumu yafike salama asubuhi: chombo kikikaa ndani ya beseni la maji na kuvishwa gunia linalolowanishwa, hewa kavu ya hapa inakishusha joto vizuri, lakini kwa mzigo wa kila siku ni bora ya jioni yachemshwe yagandishwe mtindi. Mtindi una bei nzuri na hauogopi safari.

Samadi iuzwe kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo, Makutupora na Mpunguzi, ikiwa imekauka na kuoza, kwa gari au kwa kubadilishana. Wengine wana mashamba ya mahindi wasiyoyavunia mabua, na mabadilishano ya samadi kwa mabua yanafanyika bila hela kutoka mfukoni. Mapatano yafanywe Aprili, kabla mwenye shamba hajawaruhusu wachungaji kuingiza mifugo, maana Juni hakuna bua lililosimama.